Zeze la Baba Ukutani

Dar es Salaam

Kwa kaka yangu Danieli, Zuzu

Shikamoo kaka. Kabla hujasoma mstari wa pili, mwite mama aje akae karibu nawe, umwambie hivi: baba yu hai. Nimemwona kwa macho yangu na mkono wake nimeushika. Hayo mpe kwanza. Halafu endelea kusoma kimya kimya, na ya kumsomea utachagua mwenyewe, maana mengine humu si ya kumwingiza mama masikioni.

Mbukwenyi nyote wa nyumbani. Nauliza hali zenu, na mvua kama imewafikia, na uwele umesimama namna gani, na goti la mama kama limeacha kuvimba. Mimi ugonjwa sina, ila kula kunanishinda. Ukiona herufi zangu zinatetemeka usidhani nimesahau mwandiko tuliofundishwa misheni. Ni hofu, kaka. Nakuandikia mchana kweupe, mlango nimeufunga, mtoto wa bibi ninayemtumikia amelala hapa mbele yangu, na bado kila kiatu kikipita barazani kalamu inanitoka.

Kazi yangu unaijua, ni ileile niliyoianza Dodoma reli ilipofika kwetu, ya kumlea mtoto wa yule Mdachi msimamizi wa reli, nami nikahamia huku pamoja nao. Huku pwani mlezi wa mtoto huitwa yaya, nasi kwetu yaya ni mama, basi siku za mwanzo nikiitwa nilikuwa nageuka nikidhani mama yetu amesimama mlangoni. Sasa nimezoea.

Mwezi uliopita alikuja mgeni kutoka Ulaya, dada yake bibi. Alitaka kuonyeshwa kila duka la mji huu kabla meli yake haijaondoka, ili apate vitu vya kupeleka kwao. Tukawa tunatoka kila asubuhi, wao wamekaa kwenye riksha, mimi nafuata kwa miguu na mtoto mgongoni. Tulikwenda kwa sonara wa Kihindi anayeketi chini na kupuliza moto kwa bomba la shaba, akamsukia yule mgeni kikuku cha fedha chembamba kama ukindu. Tulikwenda kwa mzee mmoja anayechonga pembe za ndovu, na kwa mafundi wa milango, ambao kiwanja chao chote kinanukia vumbi la mninga, nao huchora maua kwenye mti kwa tindo bila kuyaandika kwanza. Tuliingia maduka ya kanga na ya mikeka. Sitakuficha, siku mbili hizo nilifurahi. Nilikuwa nasema moyoni, nikirudi Zuzu nitawasimulia mpaka mchoke.

Siku ya tatu tukaenda kwenye nyumba iliyo karibu na forodha. Wenyewe wana jina lake la Kidachi. Sisi watumishi tunaiita Nyumba ya Kutazama, kwa kuwa watu huingia, hutazama, wakatoka. Mwenyewe ni Mdachi mmoja ambaye mji mzima humwita Bwana Miwani. Chumba cha mbele ni duka. Vyumba viwili vya ndani ukutani mna picha zilizopakwa rangi, na kati ya picha wametundika vitu vya watu wa bara: ngao, mikuki, vigoda, shanga. Kila kimoja kina kikaratasi chini yake. Niliona picha moja ya nchi kavu yenye udongo mwekundu na ng'ombe wawili, nikaisogelea nikitafuta kama ni kwetu. Nilipogeuka kumwonyesha mtoto, nikaliona zeze la baba.

Utasema mazeze yanafanana. Kaka, lile lina ufa kwenye kibuyu, ule uliotokea wewe ulipolikanyaga utotoni, na baba akaushona kwa waya wa shaba huku akikufokea. Mimi ndiye niliyemshikia ncha ya waya. Mshono mmoja ulikwenda upande kwa sababu ya ile hasira, na hapo ukutani ulikuwa upande vilevile. Kwenye kikaratasi sikuweza kusoma ila neno moja, Ugogo.

Unajua baba hakuwahi kumpa mtu zeze lile hata kulishika tu. Mama akifagia hulizunguka. Sasa liko kwenye msumari Dar es Salaam, na baba yuko wapi? Mtoto akaanza kulia mgongoni kwa sababu nilikuwa nimembana. Bibi akauliza nina nini, nikasema ni joto. Lakini tulipotoka niliuchukua mwavuli wa bibi nikauficha nyuma ya mlango, ili nipate sababu ya kurudi. Mungu anisamehe, sikuwa nimewahi kumdanganya.

Siku ile niliwahesabu ninyi nyote, mmoja mmoja, nikawaua kwa mawazo. Nilisema labda ndui imepita. Nilisema labda kijiji kimekataa kutoa watu wa kazi na askari wamekuja. Nikimaliza kukuwaza wewe umekufa naanza kumwaza mama.

Asubuhi nikatumwa kuufuata mwavuli. Bwana Miwani hakuwapo. Alikuwapo mtumishi wake, mzee wa Bagamoyo jina lake Feruzi, anafuta vumbi. Nilimwamkia, nikamwuliza lile zeze limetoka kwa nani. Akanitazama sana, kisha akanitazama paji la uso, kwenye alama yetu ya duara.

"Limetoka kwenu," akasema. "Na mwenyewe yuko uani."

Nilimwuliza anafanya nini uani. Akasema anangoja meli. Bwana Miwani anampeleka Ulaya pamoja na makasha yake, akapige zeze mbele ya watu wanaolipa kuingia kutazama. Nikauliza kama mzee mwenyewe amekubali. Feruzi akarudi kwenye vumbi lake.

"Nani amemwuliza?" akasema.

Uani palikuwa na makasha yanapigiliwa misumari. Baba alikuwa ameketi juu ya moja, amevikwa kanzu fupi isiyo yake. Aliponiona nimevaa gauni jeupe na viatu, akasimama haraka, akainamisha kichwa, akasema, "Jambo, bibi." Baba yangu, kaka. Nilipiga magoti nikamwambia kwa Kigogo ni mimi. Hakuamini mpaka alipogusa paji la uso wangu kwa kidole.

Alinieleza kwamba wewe ulikuwa Hombolo kwa wakwe zako akida alipokuja Zuzu. Akida alisema bwana mkubwa wa boma anataka kusikia zeze, na jioni atarudishwa. Ndivyo mama alivyoambiwa. Akapiga pale Dodoma, wakafurahi, wakampandisha gari la moshi. Amekaa hapa miezi miwili. Zeze hupewa akitakiwa kupiga, akimaliza hurudishwa msumarini. Alikuwa anakohoa. Hakulalamika. Aliniuliza tu kama ni kweli kwamba ukiwa katikati ya maji yale huoni nchi upande wowote.

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu. Nilikwenda kwa bibi nikamwambia yule mzee ni baba yangu mzazi, naomba aachiwe arudi kwetu. Bibi si mtu mbaya. Alinishika bega, akasema kwa nini sikusema mapema, atazungumza na Bwana Miwani. Nikalia kwa furaha, nikamfulia mtoto nguo zote hata zilizokuwa safi.

Kesho yake bibi akaja anacheka. Akasema mambo yamekuwa mazuri kuliko nilivyoomba. Bwana Miwani amefurahi mno kusikia kwamba mzee ana binti, tena binti ajuaye Kiswahili na Kidachi kidogo. Basi nami nitakwenda Ulaya. Nitavuliwa gauni nivishwe ngozi na shanga, niketi kando ya baba, niwaeleze watu maana ya nyimbo. Dada yake bibi atasafiri nasi katika meli hiyohiyo. Nilimwuliza tutarudi lini. Akasema hilo atajua Bwana Miwani.

Kaka, sijawahi kuogopa hivyo. Nilipokuwa naogopa kwamba baba amekufa, angalau mimi nilikuwa nimesimama juu ya nchi. Sasa nilijiona nimetundikwa ukutani na kikaratasi chini yangu. Na kinywa changu mwenyewe ndicho kilichonitundika.

Niliporuhusiwa kwenda kupimwa zile ngozi nilimwambia baba. Alikuwa amekubali kwenda peke yake, nadhani alikwisha kujizika moyoni. Aliposikia kwamba nami nimo, alinishika mkono. Kisha akauliza, "Na mama yako atabaki na nani?" Nikakutaja wewe. Akatikisa kichwa, akaniambia nirudi kwa mtoto.

Jumamosi alasiri Wadachi waliitwa katika ile nyumba, waje kutusikia kabla ya safari. Viti vilipangwa mbele ya picha. Mimi nilikuwa nimevaa ngozi, mabega wazi, na wanawake niliowabebea vikapu sokoni walinitazama kana kwamba hawajaniona kamwe. Baba akaliteremsha zeze, akapiga ule wimbo wa kuingiza ng'ombe zizini. Alipiga kama anavyopiga nyumbani, macho yamefumbwa. Watu wakapiga makofi. Bwana Miwani akasema wa pili.

Baba akasimama. Alililaza zeze sakafuni taratibu, kama unavyomlaza mtoto aliyesinzia. Kisha akainua mguu akakikanyaga kibuyu kwa kisigino, kikavunjika. Akaokota mti wake, akauvunja kwa goti. Akanigeukia, akasema kwa Kigogo, bila hasira:

"Waambie zeze hakuna tena. Na mimi ni mzee tu, sijui kitu kingine. Na wewe hujui kitu chochote."

Ilinibidi nitafsiri. Bwana Miwani alikuwa ananitazama, uso umemwiva, anangoja. Niliyasema yote, neno kwa neno, hata lile la kwamba mimi sijui kitu. Sauti yangu niliisikia kwa mbali kama ya mtu aliye chumba cha pili.

Askari wakaitwa. Alipigwa viboko kumi na vitano, akafungwa. Hili usimsomee mama. Bwana Miwani akasema mzee mwenye wazimu hapandi meli, na binti bila mzee hana faida kwake. Yule dada wa bibi naye akasema hataki kulala chombo kimoja nami, nisije nikawa nina damu ileile. Jumanne meli iliondoka. Nilikuwa barazani namlisha mtoto, nikausikia mlio wake, na sikuthubutu kugeuka kuitazama mpaka ulipokwisha kabisa.

Bibi hajanifukuza. Lakini haniachi tena peke yangu na mtoto akiwa macho, na visu vya mezani vimehamishwa kabati. Bwana hanisemeshi. Sijui wanangoja nini, na kutojua huko ndiko kunakonitesa.

Baba anatolewa Jumatatu na kurudishwa bara kwa gari la moshi. Feruzi hupita gerezani kila siku na uji. Anasema baba anaweza kuketi na kutembea hatua chache, ila hawezi kulalia mgongo. Watamteremsha Dodoma, na toka pale hataweza kutembea mpaka Zuzu. Basi nakuomba, chukua punda, nenda stesheni Dodoma, uwe pale kila siku gari la kutoka pwani linapofika. Usipomwona siku ya kwanza usirudi nyumbani. Naogopa wasije wakamshusha njiani kwa kazi za reli, wala hawataangalia umri wake. Barua hii anaileta mtu wa Chamwino, anayetia kuni kwenye gari la moshi. Atakapopanda baba, naye ameahidi kumwangalia. Mpe maziwa, ni mtu mwema.

Baba akifika msimpokee kwa vilio. Mama ampashie maji, amwache aketi upande anaotaka. Msimwulize. Na jirani yeyote akiuliza zeze liko wapi, mjibu ninyi kabla hajafika mbele yake.

Nisalimie mama, nampigia magoti. Nisalimie mkeo na mwanenu ambaye sijamwona. Nisalimie shangazi, mwambie dawa yake ya kikohozi aiweke tayari, na baba mdogo, yule mchunga mbuzi, na mama mkunga aliyetupokea sote wawili. Mwalimu wetu wa misheni mwambie aniombee bila kumweleza sababu.

Neno la mwisho, kaka. Barua zinazokuja kwangu bwana huzifungua kwanza. Kwa hiyo usiniandikie habari, wala usitaje Dodoma, wala mgongo, wala shukrani. Andika neno moja katikati ya karatasi, "Amefika," utie sahihi yako. Nitajua. Na ikiwa hakufika, nakusihi usiniandikie neno lolote, uniache niendelee kungoja.

Mimi mdogo wako,
Debora