Mtani Wangu Hanijibu

Jumatatu, 11 Novemba
Maandazi yameisha mapema. Kawaida. Hakuna mkono kama huu kutoka kijiji hiki hadi Lubumbashi, na Lubumbashi nimefika, enzi zangu za malori. Joto baya leo. Maganga kapita kunywa chai kabla ya lindo. Yeye ndiye kamanda wa sungusungu wetu, filimbi shingoni kama refa. Nikamwambia Mnyamwezi hata avae filimbi ni mpagazi tu. Akanijibu Mzaramo hata afike Kongo ni mvivu tu. Ndio utani wetu, tumeurithi tangu babu zake walipobeba pembe kuwaletea babu zangu pwani.

Jumanne, 12 Novemba
Siandiki. Nyamizi, mke wa Maganga, amekufa. Na wengine.

Jumatano, 13 Novemba
Kisulisuli kilipita usiku wa juzi. Upande wote wa bondeni umelala chini.
Onyo lilikuwepo. Lilitumwa kwa simu ya mwenyekiti. Simu ilikuwa dukani, inachajiwa. Maganga ndiye aliyeona, radi ilipomulika, wingu linazunguka. Akapuliza filimbi mpaka midomo ikapasuka.
Lakini kwetu filimbi ni wezi. Wanaume tukatoka na marungu. Wanawake wakafunga milango, wakakaa ndani na watoto, kama tulivyowazoesha. Sisi wa nje tukajitupa mtaroni, tukapona. Kuta zikawaangukia wao.

Alhamisi, 14 Novemba
Tumemzika Nyamizi. Mtani ana kazi yake msibani, nayo si kulia. Nikajilaza kaburini, nikasema sitoki bila jogoo. Nikamwigiza marehemu alivyokuwa akinilaghai nimwongeze andazi. Watu wakacheka na machozi yanatoka. Maganga hakucheka. Alitazama udongo, akasema:
"Nilimfundisha mwenyewe. Filimbi ikilia, tia komeo, usifungue mpaka usikie sauti yangu."
Nikatoka kaburini bila jogoo.

Jumapili, 17 Novemba
Maganga hataki kula. Nampelekea uji asubuhi na jioni, naurudisha umeganda. Kila nikiingia namtukana. Nimemwita mpagazi, nimemwita punda wa msafara, nimemtukania hadi mababu. Kimya. Mtani asiyejibu tusi yuko nusu kaburini. Naogopa.
Huko nje wapo wanaonong'ona kwamba filimbi yake ndiyo iliyoua. Nimewaambia atakayerudia maneno hayo hanywi chai kwangu, na kwingine chai hakuna.

Jumatano, 20 Novemba
Mkutano wa kijiji. Filimbi itabaki ya wezi. Upepo utapigiwa rimu ya lori, itatundikwa shuleni, na ikilia kila mtu atoke, akalale mtaroni. Nani wa kuipiga? Akasimama mama mmoja aliyefiwa na mtoto usiku ule.
"Apige Maganga," alisema. "Sisi sote tulikuwa tumelala."
Hakuna aliyebisha. Nikakimbia kwenda kumwambia, na tumbo hili. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akageukia ukutani.
Nimelia njiani. Jitu zima.

Ijumaa, 22 Novemba
Mvua ndogo, ya adabu. Nimepeleka uji. Nikamwambia Mnyamwezi mzigo ukimzidi hujitia mgonjwa. Nikaweka bakuli chini, nikageuka kuondoka. Nyuma yangu sauti imekauka, ndogo:
"Mzaramo, uji huu uliunawia miguu?"
Nchi nne nimezunguka. Popote pale sijatukanwa vizuri hivyo. Nikakaa, nikajifanya naangalia mlangoni.
Akanywa nusu. Akanisukumia bakuli, nimalizie mwenyewe nijue alichokuwa anakikataa.
Nikamaliza. Kweli ulikuwa mbaya.