Sungura, Shimoni!

Kwako mdogo wangu,

Mama hajambo. Bomba la jikoni limetengenezwa, ila cherehani yangu imeanza tena kukata uzi, kwa hiyo leo nina hasira mbili. Ya pili ni yako.

Umelisumbua kundi zima la familia kwenye simu: eti nani anakumbuka katuni ya yule sungura aliyekuwa akipiga kelele, "Sungura, shimoni!" Binamu zetu wamecheka, wamebahatisha, wameshindwa. Mimi nilinyamaza, mpaka uliposema kwamba baba amezeeka, amebadilika, na mwisho wa mwezi unamrudisha nyumbani kwa mama.

Sasa nisikilize vizuri. Katuni ile haikuwa na maneno. Ilikuwa muziki mtupu, mwanzo hadi mwisho. Aliyepiga kelele ni mama, kutoka jikoni, kila aliposikia funguo za baba zikilia mlangoni. Nami nilikubeba mbio hadi chini ya kitanda, nikakuziba masikio, na wewe ukacheka ukidhani tunacheza. Tukakuacha udhani hivyo. Mama alibaki kule jikoni peke yake.

Jana nilimweleza mama mpango wako. Aliinuka, akazima redio, kisha akaniuliza polepole, "Chini ya kitanda bado kuna nafasi?"

Mlete baba, uone. Kitasa nimeshabadilisha. Funguo zake zilie mpaka zichoke.

Ni mimi dada yako,
nakupenda bado, lakini usinijaribu.