Mume wa Kwenye Faili

Jumatatu, 4 Agosti

Kola kumi na mbili tangu asubuhi. Shule zinafungua mwezi ujao na wazazi wote wa Koboko wamekumbuka leo, kwa pamoja, kwamba watoto hukua. Saa nne goti limekataa. Nimemaliza kwa mguu mmoja. Cherehani ya kukanyaga haipendi mguu mmoja, mshono umekwenda kombo kama njia ya mlevi. Nimefumua.

Daktari wa Arua alisema wazi wiki iliyopita: goti lipasuliwe, la sivyo niuze cherehani. Nikiuza cherehani nitakula nini? Hospitali ya jeshi inawapasua bure askari wa zamani, mradi faili iseme mtu aliumia kazini. Yangu itasema nini kingine? Niliingia jeshini na magoti mawili, nikatoka na moja. Nakala yangu ya karatasi za kuachishwa ililiwa na mchwa zamani, lakini yao ipo. Keshokutwa Arua.

Jumatano, 6 Agosti

Nimeolewa.

Karani wa ofisi ya askari wa zamani ni kijana mpole mwenye miwani. Alifungua faili, akasoma, akanipa pongezi. Sababu ya kuacha jeshi: ameomba kuondoka ili aolewe na askari mwenzake, Anguyo, dereva wa kikosi.

Nilicheka mpaka mlinzi akachungulia. Kisha nikaona sahihi yangu chini. Kweli ni yangu. Nilitia sahihi zahanati, nimelala, mguu umefungwa mbao mbili, karatasi kwa Kiingereza. Kiingereza nilichokijua wakati ule kilikuwa "yes, sir". Kumbe nilikuwa bibi harusi.

Nina miaka hamsini na saba. Sijawahi kuolewa. Wachumba walikuja, wakaongea, nikawasikiliza, nikawafungulia mlango warudi. Na miaka thelathini na miwili yote hii nina mume kwenye faili.

Karani anasema sababu inaweza kubadilishwa. Anataka vitu vitatu. Barua ya ukoo wangu kwamba hawakupokea mahari. Anguyo mwenyewe aje akane ndoa. Na mtu aliyeona nikiumia. Anguyo ndiye aliyeona. Alikuwa kwenye usukani.

Hapa niandike jambo ambalo Koboko nzima hailijui. Watu wote wanajua goti langu lilipigwa risasi. Mimi ndiye niliyewaambia. Haikuwa risasi. Lilikuwa gunia la maharage. Nilikuwa nalinda chakula cha kambi, nimekaa juu ya lori, mbuzi akavuka barabara, Anguyo akakanyaga breki, gunia likanishukia. Mbuzi hakupata hata mkwaruzo.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimekwenda kwa baba mdogo Taban kuomba barua ya ukoo. Yeye ndiye mkubwa wetu tangu baba afariki. Nilidhani ni kazi ya dakika tano: andika, hatukupokea ng'ombe, tia dole gumba, nywa chai.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akaniomba nirudie jina la huyo mwanamume. Akatuma watu wawaite wadogo zake wawili. Wakaketi sebuleni kwenye viti vya plastiki, wakainamisha vichwa kwa heshima kama watu waliopata habari ya msiba. Kisha baba mdogo akasema:

"Serikali haiwezi andika bure. Kama iko kwa karatasi, iko. Sasa ng'ombe yetu iko wapi?"

Nikawaambia hakuna ng'ombe kwa sababu hakuna ndoa. Wakasema hakuna ng'ombe kwa sababu mkwe ni mjanja. Nikawaambia ni karatasi ya uongo. Wakauliza kama ningependa kuona watu wa Arua wanachukua binti wa Koboko bila hata mbuzi mmoja. Nilikwenda kutafuta barua ya kukana mume, nikawaacha wanabishana kama ng'ombe wawe wenye pembe ndefu au za kawaida.

Barua hawakuandika.

Jumapili, 10 Agosti

Mvua. Nimewakasirikia watu wote, na cherehani pia.

Baba mdogo amepeleka kanzu yake ya sikukuu kwa dobi. Sikukuu gani? Hakuna sikukuu. Naogopa.

Jumanne, 12 Agosti

Nimewawahi wazee. Nimekwenda peke yangu Ediofe, kwenye misheni, ambako karani aliniambia Anguyo anakaa.

Anguyo sasa ni katekista. Anafundisha watoto amri za Mungu, zote kumi, pamoja na ile ya kutosema uongo. Nilimkuta nje anapaka chokaa mawe ya njia kwa ajili ya sikukuu ya Ijumaa, ya Bikira Maria. Kichwa cheupe kuliko mawe. Hatukuwa tumeonana tangu zahanati. Aliponitambua, brashi ikaanguka ndani ya ndoo.

Nikamwambia, "Habari, mume wangu."

Akaketi chini. Akasema, "Koplo, mimi nilijua hii siku itakuja."

Basi akaeleza, na mimi nikasimama kwa sababu nikikaa siinuki. Ile siku ya lori, mimi niliambiwa tunapita Ajia kuchukua kuni za jikoni. Kuni hazikuwepo. Kule Ajia kulikuwa na msichana anaitwa Veronika, na baba yake msichana, ambaye hakutaka dereva wa lori awe mkwe. Anguyo alikuwa anampelekea gunia moja la maharage ya kambi ili amlainishe. Gunia lile lile. Baada ya kuniacha zahanati alirudi akalipeleka. Ajali ikiandikwa, wakubwa wangeuliza lori lilitafuta nini Ajia. Kwa hiyo akamwambia karani wa kambi kwamba mimi na yeye tunaoana, na mimi naondoka. Karani alikuwa rafiki yake.

Kwa ufupi: goti langu ndilo lililompa Anguyo mke wake, Veronika.

Nilitaka kumpiga kwa ile brashi. Nikamwambia aje ofisini aseme ukweli. Akasema hawezi. Veronika hajui. Mpaka leo, watoto wanane, wajukuu sijui wangapi, yule mama huwasimulia watu jinsi baba yake alivyolainika kwa sababu kijana alikuja na maharage ya jasho lake. Akasema nimpe muda aombe. Nikamwachia namba ya simu na mahali ninaposhonea, nikamwambia aombe haraka, shule zinafungua.

Nimerudi nyumbani na hasira nusu. Nusu nyingine ni aibu. Yeye alidanganya ndoa mara moja. Mimi nimedanganya risasi miaka thelathini na miwili, na kila mwaka nilikuwa naongeza. Mwaka juzi walikuwa maadui sita.

Ijumaa, 15 Agosti

Ee Mola.

Anguyo amepiga simu saa tisa, anaongea kwa kunong'ona kama mtu aliyejificha kwenye ghala. Kweli alikuwa ghalani.

Baba mdogo Taban amekwenda Ediofe. Na wadogo zake wawili, na kanzu. Leo, siku ya sikukuu, nyumba imejaa wageni waliotoka misa. Veronika aliwakaribisha vizuri, aliwapa maji ya kunawa, aliwapa enyasa na angara, ugali na samaki wadogo wa kukausha. Wakala mpaka sahani zikang'aa. Wakashukuru. Ndipo baba mdogo akasimama mbele ya wote, akatangaza kwamba yeye ni baba mkwe wa Anguyo, na amekuja kwa upole kuulizia ng'ombe.

Anguyo anasema ukimya ule hata padri hajawahi kuupata kanisani.

Veronika amewasindikiza wazee mpaka barabarani kwa adabu zote. Kisha amerudi, ameuliza swali moja tu: "Huyu bibi yako anakaa wapi?"

Na huyu mtu wa amri kumi amemwelekeza mpaka mlangoni kwangu.

Jumamosi, 16 Agosti

Hajaja. Nimeshona sketi tatu, mbili nimezishona upande usiofaa.

Jumatatu, 18 Agosti

Amekuja. Saa tatu asubuhi, amesimama mlangoni na mwavuli na mfuko wa nailoni. Mama mnene, mrefu, kitambaa kichwani kimefungwa kama cha mtu anayekwenda mahakamani. Hakukaa. Akatoa cheti chake cha ndoa ya kanisa, akakifungua juu ya meza yangu, juu ya mashati ya watu.

"Mimi iko bibi ya Anguyo. Wewe pia iko bibi ya Anguyo?"

Nikasema hapana. Nikasema faili ndiyo inasema hivyo. Akauliza faili imeyatoa wapi maneno hayo. Hapo nilisita. Ningeweza kusema karani alikosea tu. Angerudi kwake na amani yake, Anguyo angenishukuru mpaka kaburini. Na mimi ningebaki na goti langu.

Kusema kweli sikuamua. Nilikanyaga vibaya nikimvutia kiti, nikapiga kelele, na baada ya kelele maneno yakatoka yenyewe. Lori. Ajia. Mbuzi. Gunia. Nikapandisha gauni nikamwonyesha goti, limevimba kama papai.

Aliinama akaliangalia. Nikafikiri, sasa atanipiga, na kukimbia siwezi.

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaketi juu ya sare za darasa la tano. "Baba yangu alikula ile maharage miezi tatu! Kila siku anasema, muangalie huyu mutu, mukulima kabisa!" Akafuta machozi kwa shati la mtoto wa watu. Kisha nikaona kwamba sasa hacheki, amekasirika, tena sana. Akakunja cheti.

Akasema Alhamisi tunakwenda ofisini. Sote. Na yule katekista atatangulia.

Alhamisi, 21 Agosti

Naandika hii nikiwa nimechoka kuliko siku za kwata.

Ofisi ya karani ina viti vinne. Tulikuwa saba: mimi, Veronika, Anguyo, baba mdogo Taban na wadogo zake, na karani mwenyewe, ambaye alivua miwani akaifuta mara mbili. Baba mdogo alikuja kwa moyo mweupe kabisa. Alidhani ni siku ya ng'ombe.

Karani akamwomba barua ya ukoo. Akakataa. Karatasi ya serikali ndiyo ushahidi wake, hawezi kuipinga.

Ndipo Veronika akafunga mwavuli wake.

"Sawa, mzee. Huyu ni bibi ya bwana yangu. Basi miaka thelathini na mbili alikuwa wapi? Nani alimuficha? Muhogo kule shamba yake Ayivu mimi nalima peke yangu. Kupika, mimi. Kuzika mama mukwe, mimi. Binti yenu hakuja siku moja. Kwa desturi, bibi akikimbia akae kwao, nani analipa? Nyinyi munalipa sisi."

Baba mdogo akageukia wadogo zake. Wakatazama dari. Mmoja akakohoa. Wanaijua desturi, ndiyo kazi yao. Baada ya muda mfupi sana baba mdogo akaomba kalamu. Barua ikaandikwa: hatukupokea ng'ombe, wala mbuzi, wala kuku, na huyu mwanamume hatumjui. Wametia dole gumba wote watatu, ingawa watatu wote wanajua kuandika.

Anguyo akafuata. Alisema yote bila kukwepa, hata ya maharage ya kambi, Veronika amesimama nyuma yake. Nilimwonea huruma kidogo. Kidogo tu.

Kisha karani akanigeukia mimi. Kwenye fomu ana nafasi ya chanzo cha jeraha. Akauliza kwa upole, maana alikuwa amesikia hadithi ya Koboko, "Kwa hiyo haikuwa risasi, mama?"

Baba mdogo alikuwa mlangoni. Akasimama. Hakuna mtu aliyeipenda ile risasi kama yeye. Aliisimulia sokoni, msikitini, kwenye harusi za watoto wa watu. Alikuwa akinitambulisha nayo kabla ya jina langu. Alinitazama nami nikamtazama. Kukana mume ilikuwa rahisi, mume sikuwahi kuwa naye. Ile risasi niliishi nayo.

Nikasema, "Gunia la maharage."

Karani akaandika. Akaniuliza uzito wa gunia. Nikasema kilo mia. Anguyo akasema tisini. Ikaandikwa tisini.

Baba mdogo hakuongea na mimi njia nzima.

Jumapili, 24 Agosti

Habari ilifika Koboko kabla yangu. Wateja wamekuja wengi kuliko kawaida. Hakuna aliyeuliza kitu, kila mmoja ameliangalia goti. Muuza vitunguu ameniita Koplo kama siku zote. Nilikuwa nimejiandaa kwa kicheko na sikukipata mbele yangu. Nyuma yangu kipo, najua.

Jumatano, 3 Septemba

Barua imekuja. Sababu ya kuacha jeshi: kuumia kazini. Mstari mmoja. Nimeusoma mwenyewe, kwa Kiingereza, polepole. Nimelia kidogo, kisha nikamaliza tundu za vifungo.

Baba mdogo amepita asubuhi. Hakukaa sana. Alisema kilo tisini si mchezo, wanaume wengi wangekufa. Ameniachia mayai.

Hospitali wamenipa siku, mwezi ujao. Wamenipa na fomu. Jina, umri, dini. Mtu wa kukuuguza wodini: hapo nilikaa na kalamu mkononi. Wadogo zangu wako mbali, na jirani ana mtoto mchanga. Nikampigia Veronika simu nimuulize tu mawazo. Hata sikumaliza. Aliuliza kama wodi ya jeshi inaruhusu mtu kuingia na jiko la mkaa.

Nimeandika jina lake. Chini yake kuna nafasi ya uhusiano. Nimeandika dada. Si kweli. Sitaomba wabadilishe.