Mbuzi Aliyefunga Madirisha

Kadutu, Bukavu
Tarehe 14 mwezi wa tano 1975

Kwako Tonton Philémon, mupenzi wetu wa mbali,

Pokea salamu za sisi wote tuliobaki huku juu ya ziwa. Mugongo wako unaendelea namna gani? Na sukari ya tante Rosalie, imeshuka kidogo? Barua yako ya Noeli ilitufikia mwezi wa pili, bahasha imefunguliwa na kubandikwa tena, lakini tulifurahi kuona mwandiko wako. Sisi, mwili iko, tunamushukuru Mungu. Papa anakula kidogo, lakini anakula. Mvua ya mwaka huu ni nyingi, udongo umekula tena kipande cha njia nyuma ya nyumba, na maharagwe yametoka vizuri.

Hii barua haipiti posta. Anaibeba ma sœur Marcelline, mutawa aliyehamishiwa kwenu Lubumbashi. Kwa hiyo nitaandika majina yetu ya ubatizo, yale tunayoitana ndani ya nyumba tu tangu yalipokatazwa, na nitasema mambo kama yalivyo. Ukimaliza kusoma, uichome.

Umesikia kwamba Placide alifungwa. Sijui umesikia namna gani, maana kila mutu anaihadisia kivyake. Acha nikuelezee mimi, niliyeona.

Unamujua kaka yangu, tangu utoto mukono wake hautulii. Kazi yake ilikuwa kuchora plani za viwanja kwenye biro ya serikali, na pale alizoea kalamu nyembamba na wino wa Kichina. Rafiki yake Benoît, mwalimu wa kule Kasha, ndiye aliyeshika mashini ya sinema kwenye salle, ule ukumbi wa paroisse. Mapadri walikuwa wameacha pale filme za zamani zilizoharibika. Benoît alizisugua kwa javel, dawa ya kufulia, mpaka picha zote zikatoka, ikabaki utepe mweupe kama kioo. Juu ya utepe huo Placide akaanza kuchora picha kwa picha, kila moja ndogo kama ukucha wa kidole cha mwisho. Walihesabu zaidi ya elfu kumi na moja. Jumapili za miaka miwili ziliishia pale, kwa filme ya dakika kumi na mbili.

Waliita kitu chao *Siku Inchi Ilizaliwa*. Kwenye mulango waliandika kwamba ni ya watu wakubwa tu, na walikuwa na haki, Tonton. Nilikuwa na haya kukaa karibu na wamama wa Legio ya Maria. Inchi ilikuwa inazaliwa na kiboko mwanamuke, amelala chini anapiga kelele, na nje ya chumba wanyama kumi na wawili wenye kravati wanapigana, kila mumoja anasema yeye ndiye baba wa mutoto. Mutoto akatoka, wote wakatazama sura yake, wote wakasema si wa kwangu. Utepe hauna sauti, kwa hiyo Benoît alisimama pembeni na mikrofoni, akatoa sauti za wote: huyu anaongea kama mutu wa Kinshasa, yule kama Mushi wa Walungu, mwingine Kifaransa cha kujipandisha juu. Watu walicheka mpaka viti vikalia. Na mimi nilicheka. Siwezi kukudanganya.

Kisha akatokea mbuzi.

Mbuzi alikuwa karani. Muzungu amekimbia, mbuzi anapewa biro yake. Anaingia polepole, anapangusa miguu, anakaa kwenye kiti cha mukubwa. Kiti kinazunguka. Hajawahi kuona kiti kinachozunguka. Kinazunguka naye, kravati inaruka, pembe zinagonga picha za ukuta, na kwa kutafuta pa kutapika anafungua mutiroir, lile sanduku la meza walimoweka sheria za inchi. Anatapika ndani. Kisha anapangusa mudomo na kupiga muhuri.

Salle nzima ilikuwa inalia kwa kucheka. Mimi nilikuwa nimeganda. Papa alikuwa mbele yangu, mustari wa tatu. Alisimama, akachukua kofia yake, akatoka akiinama ili asiwazuie watu kuona.

Sasa nikuambie kitu ambacho sijaambia mutu. Jambo la kiti lilimupata Papa mwenyewe, mwaka wa sitini, kule Mwenga, siku ya kwanza walipomupa biro. Ni marehemu mama yetu Apolline tu aliyeambiwa. Nilikuwa na miaka kumi na tano, ninasonga bugali upande wa pili wa pazia, nikasikia yote. Na ni mimi niliyemuhadisia Placide, miaka mingi baadaye, siku moja tulipotaka kucheka. Sikujua kwamba mutu akipewa hadisi na ana kalamu mukononi, hadisi haikai.

Siku tatu baada ya sinema, jeep ya askari ilikuja kumuchukua Placide kwenye kazi na Benoît kwenye darasa, mbele ya wanafunzi. Walichukua utepe pia. Kila siku waliwauliza neno moja tu: huyu mbuzi ni nani? Walitaka wataje jina la mukubwa mumoja wa juu, jina ambalo hata kwenye hii barua siliandiki. Placide angeweza kuwaambia ukweli mara moja. Hakuusema. Alijibu kwamba mbuzi ni mbuzi, na kila alipojibu hivyo walimupiga kwenye nyayo.

Noëlla, bibi yake wa ndoa, alikuwa anapeleka chakula na kurudisha sahani bila kumuona. Shemeji Pascal, bwana wa dada Martine, alitukataza kutoka nyumbani kwa sababu ya kazi yake ya serikali. Tangu ile sinema Papa alikuwa hajataja jina la Placide hata mara moja.

Siku ya tisa ya kufungwa kwao, asubuhi, alivaa suti yake ya abakosti ya kijivu akaniambia nimusindikize. Nilifikiri tunaenda misa. Tulishuka mpaka kule walikofungwa, tukangoja kwenye benchi, na walipotuita aliingia akasimama mbele ya chef, mukubwa wa pale, na wenzake wawili. Akasema, bila kupandisha sauti:

“Ule mbuzi ni mimi.”

Walimutazama kama muzee aliyepoteza akili. Akawaeleza: Mwenga, mwaka wa sitini, kiti, mutiroir. Kijana wake alitaka kumuchekelea baba yake mbele ya muji, ndiyo kosa lake, na hilo ni jambo la nyumba. Chef akasema kila mutu anaweza kusema hivyo ili kuokoa mutoto wake. Kama ni kweli, aonyeshe.

Tonton, kiti chao hakikuwa cha kuzunguka. Kilikuwa kiti cha mbao. Papa alikaa juu yake, na miaka yake sitini na sita, akaanza kujizungusha kwa miguu, mikono hewani, kofia ikaanguka, na alipofika kwenye mutiroir akaweka kichwa ndani ya meza ya chef na kutoa sauti ya mutu anayetapika. Walicheka sana. Mumoja alipangusa macho kwa mukono wa shati. Wakamuambia arudilie, akarudilia. Mimi nilitazama sakafu. Nilihesabu karo, vile vigae vya sakafu, mpaka walipotosheka.

Kesho yake Placide alitoka. Utepe waliuchoma katika kiwanja, mbele yake. Kazi wamemunyanganya, wamemuambia asikae tena katika muji na asishike tena kalamu ya kuchora. Alishuka Luberizi kwa wazazi wa Noëlla, analima mupunga katika maji, na nyayo zake bado hazijapona vizuri. Siku ya kuondoka alipiga goti mbele ya Papa kwenye mulango. Papa aliweka mukono juu ya kichwa chake.

Benoît hakutoka. Walisema picha ni za Placide, kwa hiyo zimekuwa jambo la nyumba. Lakini maneno yalitoka katika kinywa cha Benoît, na kwa maneno hakuna muzee aliyekuja kusema ni yangu. Mama yake, Mama Eulalie, alikuwa akitoka Kasha kwa miguu kila siku na sahani. Tulikutana naye kwenye soko la Kadutu. Nilimusalimia. Alinipita kama mutu anayepita muti. Simulaumu. Na katika kartie, mutaa wetu, watoto walianza kumuita Papa “Muzee Mbuzi,” hata wakubwa wengine, kwa sauti ya chini.

Miezi mitatu tuliishi hivyo. Kisha jumapili moja ya mwisho wa mwezi wa nne, baada ya misa, tulikuwa tunachambua maharagwe mbele ya nyumba. Papa akaniuliza, bila kuinua macho, ile filme iliisha namna gani, maana yeye alitoka kabla ya mwisho.

Nikamuelezea. Nilimuambia kwamba siafu wanaingia katika muji na bunduki, wanyama wakubwa wote wanakimbia na valizi zao, wengine wanabeba hata milango. Mbuzi peke yake anabaki. Anaona mvua inakuja. Anapita biro kwa biro akifunga madirisha, ili maji yasilowanishe karatasi za watu, vyeti vya kuzaliwa na vya ndoa, halafu anakaa chini, si kwenye kiti, anangoja. Nikamuambia kwamba pale watu hawakucheka tena. Benoît aliweka mikrofoni chini, hakutoa sauti.

Papa aliacha kuchambua. Kisha akasema:

“Sikufunga madirisha, Bibiane. Bunduki zilipofika Mwenga, nilikimbia kama wengine. Nilimuacha planton wangu, mutumishi wa biro, na funguo, na sijajua mpaka leo kama alipona.”

Nikaona ni saa ya kutoa na mimi la kwangu, nikamuambia ni mimi niliyemupa Placide hadisi ya kiti. Akasema alijua, maana siku ile katika nyumba tulikuwa watatu tu. Akaendelea kuchambua maharagwe.

Kesho yake, siku ya kwanza ya kazi, alivaa abakosti ya kijivu akashuka peke yake. Alikwenda kuomba Benoît atolewe. Walimuambia jambo lile halimuhusu, Benoît si mutoto wake. Akasema sawa, atangoja. Akakaa kwenye benchi ya nje mpaka walipofunga. Kesho yake akarudi. Leo tuko katika wiki ya tatu. Wamemufukuza mara mbili, na mara moja walimuita ndani arudilie ile ya kiti ili wageni wao waone. Alikataa. Aliwaambia alikwisha kuicheza kwa mutoto mumoja, na huyu wa pili anamuomba akisimama. Walimusukuma kwenye ngazi, akaumia goti. Alirudi kukaa.

Sasa ndiyo sababu ya barua hii. Shemeji Pascal atakuandikia, kama hajakwisha. Atakuomba umukataze Papa, kwa sababu sasa ni wewe peke yako uliyebaki katika tumbo lenu na neno lako analisikia. Anasema Papa atatuletea mabaya wote, na inawezekana yuko na haki. Mimi pia ninaogopa. Nikisikia gari linapunguza mwendo mbele ya shule ninapofundisha, chaki inasimama mukononi. Lakini ninakupigia magoti, Tonton: usimukataze. Kama unaweza kumuandikia, muulize tu goti linaendelea namna gani.

Wasalimie kwa majina yao tante Rosalie, Jean-Marie na bibi yake, na mudogo wetu Lucien ambaye inasemekana amekuwa murefu kuliko wewe. Noëlla na watoto wanakusalimia. Placide anakusalimia kutoka Luberizi kwa kinywa, maana hata kuandika anaogopa. Mungu awalinde ninyi kule, na sisi huku atuangalie kidogo.

Jana nilipitia pale nikitoka shule, nimupelekee Papa chai. Mama Eulalie alikuwa ameketi kwenye benchi ileile, pembeni yake. Alikuwa amefungua sahani ya Benoît, ile ambayo walinzi walimurudishia bila kuguswa, na walikuwa wanakula pamoja.

Mimi mutoto wako nisiyechoka kukuwaza,

Bibiane