Keki Isiyo na Namba

Shangazi Hester mpendwa, safu yako gazetini naisoma kila wiki, leo nakuandikia mimi, nisaidie kabla sijaharibu zaidi.

Mume wangu Aubrey ni baroneti wa tisa wa nyumba yetu hapa Herefordshire, cheo ambacho baba humwachia mwana tangu enzi za wafalme wa mawigi, na usidhani tunaishi kifahari, paa linavuja tunakinga kwa ndoo, na Sir Aubrey mwenyewe huvaa sweta lililotoboka viwiko, na kila kiangazi ndiye anayeamua boga la nani kubwa kwenye maonyesho ya kijiji, halafu uamuzi huo humsumbua wiki nzima, nami nampenda kwa hayo hayo. Sasa moyo wake umechoka, daktari anasema tusihesabu Krismasi nyingi.

Shangazi, tuna siri. Ujanani Aubrey alikuwa akisimamia shamba la watu kule Cornwall, tukapanga harusi mara tatu, mara ya kwanza ng'ombe wakazaa, mara ya pili mvua ikatishia nyasi zilizokatwa, mara ya tatu msimamizi wake wa harusi akavunjika mguu, na sisi tukiahirisha, mimba haikuahirisha, Barnaby akazaliwa Septemba, tukaoana Oktoba, mke wa kasisi amempakata mtoto, kisha tukarudi kwa baba mkwe tukamwambia tulioana mwaka uliotangulia. Ningecheka, ila cheo hiki humwendea mwana aliyezaliwa ndani ya ndoa tu, wazazi wakioana hata kesho yake haisaidii, kwa hiyo mrithi ni mwanetu wa pili, Piers, daktari wa meno Bristol, ambaye ukimtania husema, "Mimi niitwe Sir? Wagonjwa watanicheka, na midomo wameshaifungua!" Na Barnaby, masikini, ndiye anayelima, anajua kila ng'ombe kwa jina, na zamani alikuwa akimtania fundi anayechonga majina ya mabaroneti kanisani, "Mimi niachie nafasi pana, si unaona nilivyo mnene."

Baba yake akifa itabidi apeleke London cheti chake cha kuzaliwa na chetu cha ndoa ili aandikwe kwenye orodha rasmi, na hapo karatasi zitamwambia ambayo mama yake hakumwambia. Nikimsihi Aubrey tuseme, ananijibu, "Rosamund, niache nife kwanza, halafu mseme mnavyotaka." Muone huyo!

Tena Barnaby anatuandalia sherehe ya miaka hamsini ya ndoa Oktoba hii, wakati kweli ni arobaini na tisa! Machi alikwenda mpaka Cornwall kutafuta nakala ya ukurasa wetu katika kitabu cha ndoa auwekee fremu, siku mbili nikawa nachungulia barabara dirishani, lakini Mungu akasaidia, alirudi na picha ya kanisa tu, akanibusu utosini, akasema, "Kanisa zuri, Mama. Kitabu kimeliwa na unyevu, hakisomeki." Tangu hapo amekuwa mpole ajabu, amemwambia mwokaji keki isiandikwe namba, majina yetu tu, na kila Jumapili anamwita Piers waizunguke mipaka ya shamba pamoja. Mtoto kama huyo nitamvunjaje moyo? Niseme, au ninyamaze?

Rosamund

*

Rosamund, dada yangu,

Majina nimeyabadilisha yote kabla ya kuchapisha, kijiji kisije kikakutangulia kusema. Nimecheka, nimelia, kisha nimekasirika. Miaka arobaini na tisa! Ng'ombe wameshazaa, nyasi zimeshakauka, mguu wa msimamizi umeshapona, na ninyi bado mnaahirisha.

Hebu isome barua yako kama ya mtu mwingine. Mwanamume anasafiri siku nzima kutafuta ukurasa mmoja, anarudi mikono mitupu, anambusu mama yake, anaifuta namba kwenye keki, anaanza kumwonyesha mdogo wake mipaka ya shamba. Kitabu hakikuliwa na unyevu, mama wee. Mwanao alikisoma. Anajua tangu Machi, na amenyamaza asikuaibishe, kama wewe ulivyonyamaza usimuumize. Huo moyo unaoogopa kuuvunja ulishavunjika, naye anauunga peke yake miezi yote hii, na hilo ndilo ninalokugombezea.

Basi fanya hivi. Wakili aje wiki hii, Aubrey aandike wosia. Cheo hana uwezo wa kumpa Barnaby, lakini nyumba na mashamba ni mali yake, amwachie anayewajua ng'ombe kwa majina. Piers aitwe naye, aambiwe na baba yake mwenyewe, asije akaletewa habari na barua ya ofisi. Na huyo mzee asijifiche nyuma ya ugonjwa. Anayethubutu kuhukumu maboga mbele ya kijiji kizima anaweza kumtazama mwanawe machoni.

Lakini wewe usimngoje mtu. Leo hii, kabla ya chai ya saa kumi, vaa buti uende zizini. Hotuba usiandae. Mwambie, "Tulioana ukiwa na wiki tano, mwanangu, nisamehe," halafu nyamaza umsikilize. Akilia, mshike. Akikasirika, vumilia, ana haki.

Na mwokaji apigiwe simu aandike namba kwenye keki, arobaini na tisa, kubwa ionekane. Barnaby ndiye aikate, maana katika ukoo mzima ni yeye peke yake aliyekuwepo harusini kwenu.

Shangazi Hester