Mama na Mzee wa Paris

Chicoutimi, Kwebeki
9 Machi 2019

Mpendwa kaka Réjean,

Hujambo huko Lyon? Na kile kikohozi, kimekuacha? Sisi huku wazima. Theluji imefika madirishani, lakini nyumba ina joto na mama anaimba. Ndiyo, anaimba. Keti kwanza nikueleze.

Mwezi uliopita watafiti wa chuo kikuu walitafuta watu wa kusoma maneno, wengine wa hapa kwetu, wengine wazaliwa wa Paris. Walitaka kujua ulimi unakaa wapi tunapotamka irabu za mdomoni, na unasogea vipi zinapopitia puani. Nilimpeleka mama ili atoke nyumbani tu. Tangu baba afariki, alikuwa haendi popote ila kanisani.

Wakambandika vidude vidogo ulimini kwa gundi, nyaya zikining'inia mdomoni. Kwenye skrini tuliuona ulimi wake ukija mbele. Wa mzee wa Paris aliyemfuata, kwa neno lile lile la puani, ukarudi nyuma! Nilisisimka, kaka. Kumbe ndiyo maana hatusikilizani nao.

Mzee mwenyewe anaitwa Anselme, mgane, fundi saa mstaafu anayeishi kwa bintiye hapa mjini. Wakati wa kutoka mama alimlalamikia upepo, "vent" kwa matamshi yetu. Jumapili mzee akabisha hodi na chupa ya divai, maana masikioni mwake neno hilo lilikuwa "vin", divai. Mama alicheka mpaka akashika meza. Akamkatia pai ya nyama, na tangu hapo Jumapili haimpiti.

Shangazi Berthe alinuna. Akamwambia mama, "Bibi mzima wewe, unatafuta bwana wa pua ya Paris?"

"Pua yake haikuhusu, wifi," mama akamjibu, akaendelea kumenya viazi.

Basi jana Anselme alimposa. Nilikuwa jikoni, mlango wazi. Aliliita jina la mama, "Clémence." Hakuliita kwa lafudhi ya kwao. Ulimi aliuleta mbele kabisa, sauti ikapita puani kama yetu. Bintiye ananiambia amelifanyia mazoezi wiki nzima mbele ya kioo. Mama alilia, akamwambia arudie. Aliporudia, akakubali.

Ila hataki kupanga siku kabla hajakusikia wewe. Anaogopa utaona amemsahau baba. Mpigie leo, kaka, usimhutubie.

Wasalimie sana mkeo Odile na watoto, na Mungu awafunike nyote kwa mkono wake.

Ni mimi dadako nikupendaye,
Solange