Kipimo Kiliposoma Mia na Tano

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Gari lako bado lipo. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza, baada ya kumuulizia mama.

Mama naye yupo. Ila mwezi uliopita nusura tumpoteze, ndiyo maana nakuandikia.

Unakumbuka siku uliponiita uani, pale Pasiansi, nikiwa kidato cha pili, ukaniketisha kwenye usukani gari likiwa limezimwa? Ulikuwa umetoka kufunga kile kipimo kidogo cha namba, cha joto la injini, kando ya redio, maana mshale wa dashibodi ulishazeeka ukawa unasema uongo. "Nyamizi," ulisema, "gari likishapata moto, maji yake yacheze kati ya themanini na tano na tisini na tano. Mlimani yakigusa mia, punguza mwendo uangalie. Yakifika mia na tano, simama. Hata kama umembeba askofu."

Nilicheka. Wewe hukucheka. Ukanisimulia harusi ya baba mdogo, ulivyombeba bibi harusi gari likachemsha njiani, ukaona aibu kusimama mbele ya msafara, ukakanyaga hadi kanisani. Silinda hedi, kile kichwa cha injini, ikapinda. Gari likakaa juu ya mawe miezi minane. "Joto halikuiua injini ile," uliniambia. "Aibu yangu ndiyo iliyoiua."

Ulipotutoka, kaka Deus alichukua funguo. Sikubisha, ndiye mkubwa. Fundi mmoja akamshauri ang'oe themostati inayotunza joto la injini, eti gari kuukuu linahitaji ubaridi. Wewe ulishamfukuza fundi kwa ushauri huohuo. Kipimo kikawa kinasoma sitini asubuhi mpaka jioni, gari likanywa mafuta kama ng'ombe waliotoka machungani, Deus akalichoka. Akataka kuliuza kama chuma chakavu. Nikamwambia, "Kaka, nipe mimi." Akacheka, akanipa. Nilirudisha themostati, nikasafisha rejeta, nikaweka kulanti badala ya maji ya bomba. Wiki ile ile namba ikarudi tisini. Nililia peke yangu mle ndani, baba, kama mjinga.

Sasa hilo la mama. Tulikuwa wote kijijini, tumekwenda na gari lako kusafisha kaburi lako. Alfajiri mama akaanza kuhema kwa shida, midomo ikabadilika rangi. Deus, asiyeliamini gari lako, alipiga simu kutafuta la kukodi, hakupata. Tukamlaza mama kiti cha nyuma, tukaondoka kwenda hospitali Sengerema, mimi nikiendesha.

Tulikuwa tumebakiza kama robo ya safari namba ilipoanza kupanda. Tisini na saba. Mia. Nikapunguza mwendo. Mia na tatu.

"Kanyaga!" Deus akafoka. "Unasinzia?"

"Linachemsha, kaka."

"Lichemke! Mama anakufa!"

Mia na tano. Nikasimama, nikazima.

Sijawahi kuchukiwa namna ile. Deus aliteremka akasimama katikati ya barabara, akipunga mikono. Malori mawili ya mchanga yakapita bila kupunguza mwendo. Mimi nilifungua boneti, nikauona mpira wa juu wa rejeta umepasuka, unatema mvuke. Sikugusa mfuniko. Nilisubiri, baba. Nilirudi nyuma nikamwinua mama, nikamwegemeza kifuani kwangu ili apate pumzi, nikawa nahesabu dakika nikijiuliza kama nimemuua mama yangu kwa ajili ya namba. Hukunifundisha hilo, namna ya kukaa na swali hilo.

Injini ilipopoa nilikata kipande cha tyubu ya baiskeli kilichokuwa kwenye buti, nikaufunga mpira kwa nguvu zangu zote, nikamimina maji yote tuliyokuwa nayo ya kunywa. Tukaenda taratibu. Themanini na nane. Tisini na mbili. Deus akawa ananisomea namba kwa sauti bila kuombwa, hadi getini.

Moyo wa mama ulikuwa umelemewa na maji mwilini. Daktari alisema tumemfikisha akiwa bado anaweza kusaidika. Nilikaa kwenye benchi la nje. Deus akaja akaketi karibu yangu. Akasema, "Ningekuwa mimi, tungekuwa bado njiani." Halafu akaenda kununua chai.

Hatuuzi gari, baba. Nimelisema mbele ya ukoo mzima na hakuna aliyenipinga. Mipira yote ya rejeta nimebadilisha, siyo ule mmoja tu. Nalikagua kila Jumapili kabla ya misa. Wanaosema chombo hiki kimekula chumvi nyingi nawaacha waseme.

Mama sasa anaishi nami Kiseke, anameza dawa zake, anagombana na majirani kuhusu kuku. Juzi, tukiwa tunachambua dagaa, akaniambia, "Siku ile nililala pale nyuma, sikujua lolote ila kusali. Sitaki tena. Nifundishe kuendesha."

Nikamwambia, "Mama, una miaka sitini na tatu."

"Nimekuuliza miaka?"

Tunaanza Jumamosi, kwenye uwanja wa shule. Ameshanunua viatu.

Pumzika, baba. Huku tunasonga mbele.

Mwanao wa pili,
Nyamizi